Mtenda na Mtendwa Kazini

Kazi ni sehemu kubwa ya utu wa mtu. Kwa kazi mtu hula na huvaa, husomesha watoto wake, na husimama mbele ya wenzake bila ya haya. Kwa hiyo neno linalotangaza badiliko la kazi si neno dogo. Aghalabu hufika kabla ya badiliko lenyewe, na jinsi linavyosemwa huamua kama mtu atapokea habari zake akiwa mtu, au akiwa kitu kilichosogezwa kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine. Swali ni moja: je, mwenye kuleta mabadiliko kazini ana haki ya kujificha nyuma ya neno?

Na lichukuliwe jambo hili mahali linapoweza kutokea. Kifanya ni kata ya Njombe, katika nchi ya Wabena, ambako baridi ya Juni na Julai ni kali, na ardhi hukubali mahindi, viazi, miti ya mbao na maparachichi. Mkazi wake huwa na jembe lake nyumbani. Walakini mahitaji ya mshahara hayamwachi, na mshahara huo hufuatwa katika mashamba ya chai, katika misitu ya kupandwa, au katika ofisi na maduka ya Njombe na Makambako. Ifikiriwe basi kuwa mkazi mmoja wa namna hiyo ameitwa asubuhi akapewa barua. Barua inasema kuwa kwa sababu ya upepo wa mabadiliko ukurasa mpya umefunguka, na kwamba yeye ameachiwa aende zake. Anaisoma mara mbili. Upepo anaujua, maana kwao huvuma. Ukurasa anaujua, maana alikwenda shule. Kwenda zake hakuomba. Lisilomo katika barua ni jibu la swali lake la kwanza: ni nani aliyeamua, na kwa nini yeye?

Semi hizo tatu zimetoka katika Kiingereza cha ofisini, na kila moja imefanya kazi ileile kwa njia yake. Ule wa upepo ulipata sifa tarehe 3 Februari, 1960, Harold Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipoutumia mbele ya wabunge wa Afrika Kusini mjini Cape Town. Alitaka kuwaonya kuwa Afrika imeamka, na katika hilo alisema kweli. Lakini uhuru wa Tanganyika wa 1961 haukuletwa na upepo. Uliletwa na watu waliokata kadi za TANU na kuhudhuria mikutano wakijua watakalolipata kwa wakubwa. Upepo hauna jina wala mkono, na haushitakiwi. Ukurasa nao hufunguka kana kwamba kitabu kimejisoma chenyewe. Usemi wa tatu ni mbaya kuliko yote, kwa kuwa humgeuza mfukuzwa akawa mfano wa ndege aliyekuwa akililia kutoka tunduni, na mfukuzaji akawa karimu aliyemfungulia mlango.

Haifai kuilaumu lugha ya Kiingereza kwa hayo. Lugha hiyo ina vitenzi vya wazi vya kufukuza na kuondoa, na wasemaji wake huvitumia wanapopenda. Lawama ni ya yule mwenye kuchagua neno, naye yupo katika kila lugha. Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa jambo hili katika sarufi yake. Maneno mabadiliko na mageuzi hutumika siku hizi kana kwamba ni neno moja. Hata hivyo asili zao si moja. Mabadiliko hutokana na kubadilika, na kitu kinachobadilika huweza kubadilika chenyewe, kama rangi ya jani. Mageuzi hutokana na kugeuza, na hapana kugeuza pasipo mwenye kugeuza. Kadhalika, kazi ikiisha imeisha. Bali mtu akiachishwa kazi, ndani ya neno hilo hilo amesimama mwenye kuachisha. Mzungumzaji wa Kiswahili ana milango miwili mbele yake, mmoja wa kumficha mtenda na mmoja wa kumdhihirisha, na kila siku huchagua mmoja.

Lakini kumdhihirisha mtenda hakutoshi. Mwishoni mwa 2015, Rais John Magufuli aliposhika madaraka, usemi wa kutumbua majipu ulienea nchini kwa maana ya kuwaondoa kazini watumishi walioshutumiwa kwa wizi au uzembe. Usemi huo ni wa nyumbani, wala hauna kosa la upepo: mtenda yupo, na sindano iko mkononi mwake. Watu wengi waliupenda kwa sababu waliumizwa na majipu hayo. Walakini safari hii aliyetoweka ni mtendwa. Jipu haliulizwi lilifanya nini, halipewi siku ya kujitetea, wala halina mke wala watoto. Huenda mtumishi alikuwa mwizi kweli. Lakini neno lilikwisha mhukumu kabla ya ushahidi kusomwa.

Njombe ina neno la zamani zaidi lenye dosari hiyo hiyo. Wakati wa ukoloni vijana wa Ubena walichukuliwa kwa mikataba kwenda kufanya kazi mbali na kwao, hasa katika mashamba ya mkonge; na tangu 1944 wakulima wa mkonge walikuwa na shirika lao la kuajiri vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Neno lilikopwa katika Kiingereza, likatiwa kiambishi cha Kiswahili, likakaa. Baba wa watu alitoka kwake akiwa na jina na ukoo, akafika shambani akawa tarakimu. Basi kuna njia mbili za kudhulumu kwa neno: kumfuta mtenda, na kumfuta mtendwa.

Yamkini patatokea mtu wa kupinga. Atasema kuwa neno laini ni adabu, na kwamba Kiswahili kina hazina ya tafsida: maiti huitwa marehemu, na aliyekufa husemwa ametutoka. Hoja hii ni nzuri, tena inastahili jibu. Tafsida ya msibani humlinda aliyeumia. Hutiwa kama pamba juu ya kidonda. Tafsida ya barua ya kazi, mara nyingi, humlinda aliyeumiza. Sura zao zinafanana, lakini kipimo cha kuzitenga ni rahisi: na aulizwe anayepumzika neno hilo likisemwa ni nani. Akiwa ni mfiwa, hiyo ni adabu. Akiwa ni mwenye kalamu, hiyo ni hila.

Mpinzani wa pili atasema kuwa mabadiliko mengine hayana mtenda kweli. Nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni na bei ya mkonge ikaanguka katika miaka ya 1960, hapana mtu mmoja wa Tanga aliyetaka iwe hivyo. Ni kweli. Bei huweza kuanguka kama mvua ya mawe. Lakini baada ya bei kuanguka, kuna mtu aliyeketi na orodha ya majina, akaweka alama juu ya jina hili akaliruka lile. Hapo upepo ulikwisha. Hapo palikuwa na mkono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imelitambua jambo hili. Kifungu chake cha 38 humtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudi lake, kisha pafanywe mashauriano juu ya sababu, juu ya njia za kuepuka upunguzaji huo, juu ya namna ya kuwachagua watakaoondoka, juu ya wakati, na juu ya malipo yao. Kwa maneno mengine, sheria humwamuru mtenda ajitokeze, na humpa mtendwa ulimi.

Hapana haja ya kutupa mafumbo, maana yapo yaliyo ya haki. Malipo ya mwisho wa kazi huitwa kiinua mgongo. Na neno hilo tu limekiri kuwa kuna mgongo uliopinda kwa kuinamia kazi ya mwingine. Kufunga mkanda nako huweza kuwa usemi wa kweli au wa uongo, kwa kadiri msemaji alivyoufunga wake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwasikiliza, akawarudisha makwao. Na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wataendelea kubishana kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini hapana aliyeondoka pale akiuliza ni nani aliyeamua.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Chombo hakijijengi, wala kazi haijibadilishi. Aliyeketi Njombe mjini akimwandikia mtu wa Kifanya barua ya kumwondoa hawezi kila mara kumrudishia kazi yake, na pengine sababu zake ni nzito na za kweli. Linalomwezekana siku zote ni kuandika sentensi yenye mtu mwanzoni na mtu mwishoni: fulani ameamua hivi juu ya fulani, kwa sababu hii. Sentensi hiyo ni ngumu kuiandika, kwa kuwa humlazimu mwandishi kutia jina lake ndani yake. Ugumu huo ndio haki ya kwanza ya anayeisoma.