Jino na Kesho

Nani kati yetu hajasema neno hili: «Nitakwenda kwa mganga wa meno kesho»? Tulilisema mwezi uliopita, tukalisema tena juzi, na jino lingali na tundu lake. Hatukusema uwongo, maana tulitaka kweli kwenda. Basi mtu anayejua lililo jema, akalitaka, na asilifanye, tumwite nani?

Wengine hujibu upesi: mvivu. Sisi hatukubali. Tumeona mtu analima tangu alfajiri hata jua kali, na jino lake linaoza mwaka wa pili.

Tuangalie jino lenyewe. Vijidudu vya kinywani hula sukari tuliyokula sisi, na kutoa asidi inayomega ganda gumu la jino. Ganda hilo halisikii maumivu. Kwa hiyo mwanzoni kuko kimya, na wakati huo wa kimya ndio wakati wa kazi ndogo. Tundu likiisha kutoboka halijizibi. Vijidudu vikifika ndani, penye mishipa, hapo hakuna usingizi. Twatia karafuu, twameza vidonge. Kisha siku moja maumivu yanakoma! Twasema: «Mnaona? Limepona lenyewe.» Kumbe, mara nyingi jino halikupona, limekufa. Usaha unajikusanya penye mzizi, polepole, pasipo kelele.

Ndivyo ilivyo kuahirisha. Anayekataa anajua amekataa. Pengine ataona haya na kugeuka. Lakini anayesema «kesho» anajiona kana kwamba ameisha kutii. Roho yake haimwumi tena. Na mzigo anamtwika mtu wa kesho, kama kwamba ni mgeni apitaye njiani, naye ni yeye mwenyewe.

Mtakatifu Agostino aliyajua yote mawili. Katika Maungamo yake anasimulia jinsi alivyomwambia Mungu «bado kidogo», na kidogo hicho hakikuisha. Anasimulia tena kwamba mwaka 386, alipokuwa shambani nje ya Milano, meno yalimwuma hata akashindwa kusema. Mwalimu wa ufasaha, kinywa kimefungwa! Akaandika juu ya kibao cha nta, akiwasihi rafiki zake wamwombee. Walipopiga magoti maumivu yakamwacha. (Hasemi kwamba jino liliuma kwa uzembe wake, nasi hatutamsingizia. Lakini sisi tusio Agostino, tukiisha kusali, twende pia kwa mganga.)

Kweli, wako wasiokwenda kwa kukosa feza, au kwa sababu mganga yuko mbali safari ya siku mbili. Hao hatuwalaumu hata kidogo. Lakini mswaki wa jioni, kabla ya kulala, nao uko mbali?

Sisi tunaoandika haya, jino letu la nyuma lina tundu tangu Pasaka. Juzi tulimwambia mpishi kwamba Jumanne tutakwenda kulionyesha. Akaendelea kuosha sahani, akauliza: «Padiri, Jumanne ya juma gani?»