Robine Iliyokazwa Mno

Katika lupango moja la Kikula, mjini Likasi, yupo mama aliyelea watoto sita kwa amri chache, na mojawapo ilikuwa hii: robine (koki ya maji) haiachwi ikilia. Mtoto aliyenawa mikono akaondoka huku tone likidondoka nyuma yake aliitwa arudi, hata kama alikuwa ameshafika barabarani na mkoba wa shule mgongoni. "Mwana yangu, rudia kukaza. Mayi iko inapita bure." Mtoto alikaza hadi kiganja kikauma, mama akapitisha kidole chini ya mdomo wa robine, na kidole kikitoka kikavu ndipo ruhusa ya kwenda ilipatikana.

Aliyewahi kuamka saa kumi alfajiri kupanga bido (madumu) kwenye foleni hahitaji kuelezwa chanzo cha ukali huo. Katika nyumba ile kulikuwa pia na sababu ya zamani zaidi. Bibi yao alikuwa msichana mwaka 1961, mji ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville. Mwezi wa Septemba askari wa Ireland waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, hawakufika 160, walizingirwa pale na majeshi ya Katanga kwa siku tano. Maji yao yalikatwa. Helikopta iliyofanikiwa kuwafikia iliwaletea maji yaliyobebwa katika madumu ya mafuta, hayakunyweka, na mwisho wakasalimu amri wakiwa na kiu. Bibi alikisimulia kisa hicho pasipo kutaja nani alikuwa na haki. Alichotaka wajukuu wakishike ni maji tu: kwamba hayo ndiyo hutangulia kuondoka.

Binti wa tatu wa nyumba hiyo ndiye mwenye kisa hiki. Mwaka 2019 yeye na mumewe walibahatika katika bahati nasibu ya viza ya Marekani, wakahamia na watoto wao wawili kwenye mji mmoja mdogo pembeni ya Dallas, Texas. Walipanga nyumba ya chini yenye ua. Wa-Likasi waliowatangulia waliwaambia wamechagua vizuri, Texas ni nchi ya joto, waachieni wengine theluji ya Canada. Na kweli, mwaka wa kwanza baridi ilipita bila kuwatisha. Nyuma ya nyumba, chini ya robine ya nje, binti alipanda lengalenga na matembele, akanunua mpira mrefu wa kumwagilia. Mpira ule haukuwahi kuchomolewa kwenye robine.

Sisi wa Katanga hatuwezi kusema hatuijui baridi. Juni na Julai Likasi huvaa makoti, na kule juu kwenye nyanda za Biano na Kundelungu kuna asubuhi ambazo umande huonekana mweupe nyasini kwa kuganda. Lakini baridi yetu hupanda na jua. Saa nne za asubuhi imesahaulika, wala haikai muda wa kutosha kuingia ndani ya tuyo (mabomba, kwa msomaji wa pwani) na kuyageuza maji yaliyomo. Mtu anaweza kuzeeka Likasi akiwa fundi wa tuyo, asione hata moja iliyopasuka kwa baridi. Hilo ndilo lililomponza binti yetu: hakuwa mzembe hata kidogo, alikuwa mwangalifu kwa namna ya kwao.

Jumamosi ya tarehe 13 Februari 2021, jirani mmoja mzee aligonga mlango. Alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba. Akasema baridi inayokuja haijaonekana hapo kwa miaka mingi, akawapa mambo matatu ya kufanya: wauchomoe mpira wa nje na kuifunika ile robine, wafungue milango ya kabati chini ya sinki ili joto la nyumba lizifikie tuyo, na usiku waache robine za ndani zidondoke, za maji baridi na za maji moto, tone baada ya tone hadi asubuhi.

Binti akamjibu kwa heshima, "Asante, muzee." Milango ya kabati aliifungua. Mpira alisema atauchomoa kesho, kwa kuwa upepo ulikuwa unachoma masikio. Robine alizifungua kidogo kama alivyoelekezwa, akaenda kuwalaza watoto. Halafu nyumba ikatulia, naye akiwa kitandani akasikia maji yakidondoka jikoni, na bafuni, na kwenye choo cha nyuma. Alivumilia kitambo. Mwishowe aliinuka gizani akazipitia zote, moja moja, akazikaza, na chini ya kila moja akapitisha kidole.

Simlaumu. Miaka thelathini ya malezi haiondolewi na maneno ya jirani ya dakika tano. Jirani alisema nini cha kufanya, hakusema kwa nini robine ziachwe zikilia, na mtu asiyejua sababu ya amri huirudia haraka amri aliyoizoea.

Sababu yenyewe mama yeyote wa Likasi anayeuza maji ya baridi ya mfuko anaijua, ingawa hajawahi kuihusisha na tuyo. Anapotia maji katika mfuko kabla ya kuuweka kwenye friza hauujazi hadi juu, anauachia nafasi. Akisahau, asubuhi anakuta mfuko umechanika. Na chupa ya bia iliyosahaulika humo usiku kucha huvunjika chini. Vitu karibu vyote vikipoa husinyaa, lakini maji yanapoganda huvimba, hujitanua kwa karibu asilimia 9. Ndani ya tuyo barafu hutunga mahali pamoja kama kizibo, kisha hukua. Kadiri inavyokua huyasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea kwenye robine. Robine ikiwa imefungwa, maji hayo hayana pa kwenda, na shinikizo hupanda mpaka chuma chenyewe kinaachia. Ndiyo maana mara nyingi tuyo hupasuka mbali kidogo na barafu, katikati ya kizibo na robine. Tone linalodondoka huenda lisizuie barafu kutunga. Kazi yake ni kuacha mlango wazi ili shinikizo lipate pa kutokea.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipolichunguza jambo hili katika miaka ya 1990, waliona kwamba tuyo zisizofunikwa huanza kuwa hatarini hewa ya nje ikifika karibu nyuzi 7 chini ya sifuri za Selsiasi. Alfajiri ya Jumanne tarehe 16, kwenye uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth, kipimo kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Hewa ilikaa chini ya kiwango cha kuganda karibu siku sita mfululizo. Na nyumba za Texas zimejengwa kwa kuogopa joto: tuyo nyingi hupita juu ya dari na ndani ya kuta za nje, mahali ambapo mjenzi wa nchi ya theluji asingethubutu kuzipitisha.

Usiku wa kuamkia Jumatatu umeme ulikatika. Wasimamizi wa gridi ya Texas, ambayo kwa sehemu kubwa inasimama peke yake bila kuunganishwa na majimbo jirani, walilazimika kukata umeme ili mfumo mzima usianguke. Nyumba zaidi ya milioni 4 zilibaki gizani, nyingine kwa siku kadhaa. Hapo joto la ndani, lile lililokuwa likizilinda tuyo, likaisha.

Lazima nisimame kidogo hapa, kwa sababu jambo hili linaua haraka kuliko maji. Jumatatu jioni binti aliwasha makala (mkaa) katika jiko la kuchomea nyama lililokuwa uani, akataka kuliingiza sebuleni kama tunavyoingiza mbabula, jiko letu la makala. Mumewe akalizuia mlangoni. Nyumba zetu zina mianya juu ya ukuta na chini ya mlango. Za kule zimezibwa kabisa, na moshi wa makala usioonekana hauna pa kutokea. Wiki ile zaidi ya watu 1,000 Texas walifika hospitali kwa sumu ya hewa hiyo, na wengine hawakufika wakiwa hai. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba yote. Ukiwa na ndugu huko, mwambie hili kabla hujamwambia lolote la tuyo: mbabula haiingii ndani.

Walilala wote wanne kitanda kimoja, na makoti. Jumanne maji yakaacha kutoka. Hapo malezi ya Kikula yakawafaa. Jumamosi ile ile, baada ya mzee kuondoka, binti alikuwa amejaza bido sita za litre 20 alizozihifadhi stoo bila mumewe kuelewa za nini, akajaza na bafu lote. Kwa siku nne walikunywa, wakapika kwenye jiko la uani, wakamimina chooni. Majirani walikuja na sufuria. Mzee naye alikuja, akapewa bido nzima, akaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto.

Ijumaa umeme ulikuwa umerudi, na Jumamosi tarehe 20 jua lilitoka. Watoto wakakimbilia nje. Binti akafungua mapazia, akapiga simu Likasi kusema tumevuka. Alikuwa bado kwenye simu aliposikia kitu kama mvua.

Hili mgeni wa nchi za baridi halijui: tuyo inapopasuka kwa barafu mara nyingi haimwagi kitu, kwa sababu barafu yenyewe imeyazuia maji yasifike kwenye ufa. Siku ya hatari ni siku ya jua. Barafu ikiyeyuka na maji ya mji yakirudi kwa nguvu, kila ufa huanza kusema. Dari ya chumba cha watoto ilivimba, ikawa na tumbo, ikaanguka juu ya vitanda. Nje, ukuta chini ya robine yenye mpira ulikuwa unatoa maji kwenye matofali: maji yaliyobaki ndani ya mpira yaliganda, yakaisukuma barafu nyuma hadi kwenye robine na tuyo ndani ya ukuta. Mume akakimbia kutafuta pa kufungia maji, jikoni, bafuni, stoo. Hawakuwahi kuuliza. Maji yalitoka muda wa kutosha kufika kifundoni kabla mzee hajaja na ufunguo mrefu wa chuma, akainua kifuniko kidogo kwenye nyasi karibu na barabara, pale penye mita, akazungusha mara moja. Mvua ya ndani ikakoma.

Magodoro yalitupwa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vilivyogongwa mihuri Likasi, vililowa hadi wino ukakimbia. Walihamia kwa marafiki miezi miwili.

Ninapoongea na vijana wanaoondoka, kwenda Texas au Ottawa, hapa ndipo huwashika mkono. Siku ya kwanza ya kuingia nyumba, kabla ya kupanga vyombo, muulize mwenye nyumba maji hufungwa wapi, ukaguse kwa mkono wako mwenyewe. Mwezi wa Oktoba chomoa mpira, umwage maji yote yaliyomo. Kwenye nchi za baridi kali robine za nje nyingi zina shina refu, na kizuizi chake kiko ndani ya ukuta palipo na joto, ili maji yaliyobaki yatiririke nje yenyewe. Ukiacha mpira umefungwa hayatoki, na robine iliyotengenezwa kushinda baridi hupasuka kama nyingine, tena ndani ya ukuta, usijue hadi utakapoifungua wakati wa majira ya joto. Robine ya kawaida ivike kifuniko cha povu. Kikikosekana, vitambaa vikavu vya kutosha, na plastiki juu yake ili visilowe. Ukikuta tuyo imeganda, iache robine yake wazi na uipashe polepole kwa hewa ya mashine ya kukaushia nywele au kwa taulo zenye maji moto, ukianzia upande wa robine. Moto wa wazi usiusogeze. Na ukisafiri wakati wa baridi, funga maji ya nyumba nzima, kisha fungua robine zimwage zilichobakiza.

Kilichokuwa kigumu kwa binti kilikuwa kumweleza mama. Alimpigia tena baada ya wiki mbili, akasema yote: dari, vyeti, ukuta. Halafu akafika pale alipokuwa akipaogopa. Akasema, mama, huku usiku wa baridi robine inapaswa kuachwa ilie. Mimi niliamka nikazikaza zote.

Likasi kukawa kimya muda mrefu, binti akadhani mtandao umekatika.

"Usiku kucha?" mama akauliza.

"Usiku kucha, mama. Tone kwa tone."

"Na wewe uliweka beseni chini?"

Binti hakujibu mara moja. Alikuwa amesimama katika jiko la watu, usiku, na kipimo cha nje kilikuwa kinashuka tena. Aliifungua robine taratibu hadi tone la kwanza likaanguka, akaiacha hivyo. Kisha akafungua kabati, simu ikiwa bado sikioni, akaanza kutafuta beseni.