Kona ya Shamba

Juni mwaka 2016 nilifuta hesabu za mikopo ya akina mama 23 kwa kubofya mara moja. Sikuwa na ubaya na mtu yeyote. Nilikuwa najaribu tu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na mjomba alinipa kazi kwenye steshenari yake Lushoto mjini, jirani na stendi. Duka lilikuwa na mashine ya fotokopi, printa moja na kompyuta moja ya mezani. Kompyuta hiyo ndiyo iliyobeba kila kitu: mitihani ya shule mbili, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na faili la Excel la kikundi cha kuweka na kukopa ambacho bibi yangu alikuwa mwenyekiti wake. Faili hilo nililianzisha mimi mwenyewe. Daftari la mweka hazina lilikuwa limelowa mvua ya masika, nami nikawaambia akina mama kwamba kompyuta hailowi. Walinisikiliza kwa sababu nilikuwa mtoto wao niliyesoma.

Rafiki mmoja alikuwa amenipa flashi yenye Ubuntu. Nilisoma kwamba neno hilo ni la kusini mwa Afrika na maana yake ni utu, nikafurahi kuona mfumo endeshi wenye jina ambalo bibi angelielewa. Nilitaka kompyuta ya mjomba iwe na mifumo miwili, Windows na Ubuntu, ukiiwasha unachagua. Jioni moja mjomba alipokwenda kuswali magharibi, nikachomeka flashi. Ulipofika ukurasa wa kuchagua, kulikuwa na njia ya kusakinisha Ubuntu kando ya Windows, na njia ya kufuta diski yote kisha kusakinisha. Nilisoma haraka. Nilibofya ya pili.

Mjomba aliporudi alikuta rangi ya zambarau kwenye kioo. Aliuliza, "Windows iko wapi?" Nikasema inakuja. Haikuja. Kwa siku nne nilihangaika na programu za kuokoa mafaili, nikapata picha chache za pasipoti zilizokatika nusu. Faili la kikundi halikuonekana, na nakala yake haikuwepo popote, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kuitengeneza.

Akina mama walikaa kikao nyumbani kwa bibi. Kila mmoja alileta kadi yake ndogo ya mwanachama, na hesabu ikaanza kujengwa upya kutoka kwenye kadi. Wanachama 22 walikuwa nazo. Mmoja, mama mjane aliyekuwa akiuza karoti sokoni, alikuwa amepoteza yake. Alisema deni lake lililobaki ni shilingi 60,000. Mweka hazina alikumbuka 90,000. Bibi alimaliza ubishi kwa kusema, "Tuandike alivyosema mwenyewe." Ikaandikwa. Lakini nilikuwa nimekaa mlangoni na niliona macho yaliyopita chumbani. Kuanzia siku hiyo mama yule alikuwa mtu aliyeaminiwa kwa kuhurumiwa, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kuaminiwa. Mwaka uliofuata alijitoa kwenye kikundi. Huenda alikuwa na sababu zake nyingine. Mimi najua kwamba nilimwondolea ushahidi pekee ambao ungemsafisha.

Chuoni, Dar es Salaam, nilikutana na kitu ambacho kingeniokoa. Mwenzangu wa bwenini alikuwa na laptopu iliyochakaa yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na ndani ya dirisha moja la Windows kulikuwa na Linux inatembea, nzima, na diski yake na saa yake. Aliniambia hiyo ni mashine pepe: programu inayojifanya kompyuta, kiasi kwamba mfumo endeshi ukiuweka ndani yake unaamini umekaa kwenye chuma halisi. Kompyuta ya nje inaitwa mwenyeji, na ile ya ndani inaitwa mgeni. Diski ya mgeni ni faili tu kwenye diski ya mwenyeji. Mgeni akijifuta, lililoharibika ni faili moja.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, waligawa kompyuta moja kubwa ili kila mtumiaji aone kana kwamba ana mashine yake peke yake. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilileta jambo hilo kwenye kompyuta za kawaida, na kuanzia 2007 kukawa na VirtualBox ambayo mwanafunzi asiye na fedha angeweza kuipakua bure, mradi ana bando.

Nilicheza kama mtoto. Niliweka FreeDOS nikaona kioo cheusi ambacho watu wazima walikianzia. Niliweka Haiku, mfumo mwepesi ambao sijawahi kukutana na mtu mwingine anayeutumia. Niliweka Windows XP, nikakata intaneti yake, kisha nikaiachia kirusi kutoka kwenye flashi chafu ya steshenari nione kinavyotafuna mafaili. Niliandika ile amri ya Linux inayofuta kila kitu kuanzia kwenye mzizi. Mfumo wenyewe hukataa mpaka uongeze maneno ya kusisitiza kwamba kweli umekusudia, nami nikayaongeza, nikakaa kutazama amri zikifa moja baada ya nyingine. Halafu nikarudi kwenye snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine niliyoihifadhi dakika kumi kabla, na kila kitu kikawa kama hakijatokea.

Usiku ule nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilikuwa nimefanya kwa furaha kitendo kilekile kilichomwaibisha mama wa watu. Vidole vilevile, udadisi uleule. Kama udadisi wangu haukuwa dhambi usiku ule, basi haukuwa dhambi hata jioni ya steshenari. Kosa lilikuwa mahali pengine, na nimechukua miaka kadhaa kujaribu kulitaja vizuri.

Ninavyoona sasa, kila jaribio lina bili. Kuna siku linafaulu na bili inasahaulika, na kuna siku linashindwa na mtu analetewa. Swali la kimaadili ni nani aliyeandikwa jina kwenye bili hiyo kabla jaribio halijaanza, na kama aliulizwa. Kwenye mashine pepe nilikuwa nimeandika jina langu, na bili ilikuwa dakika kumi za usingizi. Kwa mjomba niliandika majina ya wanawake 23 ambao hawakujua kuna jaribio.

Milima ya Usambara inalijua swali hili kuliko kompyuta yoyote. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Mwaka 1902 walianzisha taasisi ya utafiti kule Amani, Usambara Mashariki, wakapanda miti na mimea kutoka pande nyingi za dunia ili waone ipi ingefaa koloni lao. Mlima uligeuzwa maabara. Baadaye Waingereza walianza mradi wao Mlalo mwaka 1946, na kutoka hapo ukapanuliwa hadi sehemu kubwa ya Usambara. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa tatizo la kweli, na wataalamu hawakuwa wakitania. Dawa yao ilikuwa kuwalazimisha watu wachimbe matuta kwenye mashamba ya miteremko, na asiyechimba aliadhibiwa. Kazi kubwa ya jembe iliwaangukia wanawake. Watu walipinga waziwazi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikaachana na mpango huo.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika sana kuhusu Wasambaa, anaeleza kwamba wazee walipima utawala kwa maneno mawili: kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Nguvu iliyoleta mvua ndiyo iliyoweza kuizuia. Nikiyafikiria matuta kwa kipimo hicho, naona mtaalamu aliyekuja kuiponya nchi bila kuwa na shamba hata moja kwenye mteremko ule. Matuta yakishindwa, yeye anaandika ripoti na kuhamishiwa wilaya nyingine. Anayebaki na mgongo unaouma na mahindi haba ni mama wa Mlalo. Mlima hauna snapshoti.

Nilipofika hapa katika fikra zangu nilijisikia vizuri, kama mtu aliyepata jibu: jaribu ndani ya ukuta, na ukuta utawalinda wengine. Lakini jibu hilo lina matobo.

Tobo la kwanza ni kwamba kuta huvuja. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina VENOM, ndani ya programu ya QEMU inayotumika kuendesha mashine pepe. Kasoro ilikuwa kwenye sehemu inayoigiza kifaa cha diski laini za zamani, kitu ambacho karibu hakuna aliyekihitaji tena, na kupitia humo mgeni mwenye nia mbaya angeweza kutoka na kuingia kwa mwenyeji. Amani ilikuwa na VENOM yake zamani. Miongoni mwa miti iliyoletwa pale ni Maesopsis, mti unaokua haraka na kuzaa matunda mengi. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakala, wakaruka, wakaangusha mbegu ndani ya msitu wa asili. Leo mti ule ni sehemu ya msitu ambao haukualikwa. Aliyechora mpaka wa vitalu hakumhesabu ndege.

Tobo la pili ni kwamba ukuta nao unakula. Unapounda mashine pepe kwenye VirtualBox unapangiwa mstari wa kuchagua kiasi cha kumbukumbu, kijani upande mmoja na nyekundu upande wa pili. Siku moja niliwapa wageni watatu karibu kumbukumbu yote ya laptopu. Wageni walikuwa wazima, ila mwenyeji akaganda, na alipoganda yeye wote wakaganda. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kompyuta mwenyeji hupona pale tu anapobakiziwa cha kwake.

Tobo la tatu linanihusu mimi. Baada ya miaka miwili ya snapshoti nilianza kuwa mzembe wa namna mpya. Nilimjibu vibaya rafiki, nikahisi ndani yangu kuna kidole kinatafuta kitufe cha kurudi nyuma. Mahali ambapo kosa halina gharama panakufundisha ujasiri, na ujasiri ni mzuri. Uangalifu hujifunzi hapo. Huo mimi nilifundishwa na chumba kile cha bibi, nikiwa mlangoni, nikitazama watu wakikwepa kumtazama mtu mmoja.

Kwa hiyo mashine pepe si jibu lote. Jibu lililo karibu zaidi nililipata kwa bibi, ambaye hajawahi kuisikia.

Likizo moja nilimkuta akipanda viazi. Kwenye kona ya chini ya shamba, karibu na migomba, kulikuwa na mistari mitatu ya mbegu ambayo sikuitambua. Alisema ni mbegu mpya, kaipata kwa mtu sokoni, anasikia inazaa sana.

"Sasa bibi, kama inazaa sana, kwa nini usipande shamba zima?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeuliza kwa nini usinywe uji wa moto kwa mkupuo. "Nikipanda shamba zima mbegu nisiyoijua, nimewapandia wajukuu njaa. Kona ikifa, nimekufa kona."

Kona ilikuwa yake. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba hasara yake ingelipwa na mtu aliyeamua kujaribu. Ilikuwa chini ya shamba, ili maji yakishuka na ugonjwa wowote yasipite kwenye viazi vingine. Na ilikuwa udongo wa kweli, mvua ya kweli, kwa hiyo kilichoota kilimwambia kitu ambacho maabara isingeweza kumwambia. Vigezo vyote nilivyokuwa navitafuta chuoni vilikuwa pale kati ya migomba, na aliyevipanga aliishia darasa la nne.

Naona hata waliochimbishwa matuta Mlalo hawakuwa watu wanaokataa kujaribu. Wakulima wa milima hii wanajaribu kila msimu. Walichokikataa ni kuwa kona ya shamba la mtu mwingine.

Sasa hivi nafanya kazi na kompyuta, na nikienda Lushoto bado napita kwa mjomba. Steshenari ina kompyuta mbili. Ya mbele, yenye kazi za watu, siigusi bila yeye kuwepo, na nakala zake zinahifadhiwa kwenye diski mbili, moja inalala dukani na nyingine nyumbani. Ya nyuma ina mashine pepe nne, na vijana wanaosubiri matokeo wanaruhusiwa kuivuruga wanavyotaka. Mjomba ameandika kwa kalamu nene kwenye karatasi na kuibandika juu ya kioo: HARIBU HII.

Mama wa karoti bado yuko sokoni. Mwaka jana nilimwendea, nikamwamkia, nikamweleza kwamba faili lilipotea kwa mkono wangu, kwamba nilikuwa nafanya mchezo, na kwamba hakuna aliyemwambia hivyo kwa sababu wote walidhani kompyuta iliharibika yenyewe. Alisikiliza huku akifunga mafungu ya karoti. Kisha akasema, "Ilikuwa sitini, mwanangu."

Nikamwambia najua. Ukweli ni kwamba sijui. Sina njia yoyote ya kujua, na hiyo ndiyo sehemu ya bili iliyobaki kwangu. Nilinunua mafungu mawili nikapanda kwenda kwa bibi, kuwaambia yeye na mweka hazina jambo lilelile.