Nabii Yusuf na Mhitimu wa Kompyuta

Kijana wa Bagamoyo aliyemaliza shahada ya Sayansi ya Kompyuta, iwe Dar es Salaam au Dodoma, anapoomba kazi hujieleza kwa mambo matatu: alichosoma, alikofanya kazi na anachopenda kufanya akiwa na nafasi. Malezi ya pwani, kwa upande wake, humfunza mtoto kwamba sifa zake ni za kutajwa na wenzake. Je, kujisifu huko kunafaa mbele ya Mungu? Katika Sura Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf anamwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, na anajitaja kuwa mtunzaji na mjuzi. Kujitaja, basi, si dhambi. Ila wengi wanaoitolea hoja aya hiyo huziruka zilizotangulia. Yusuf alipoitwa kutoka gerezani alikataa kwanza, akataka kesi yake ichunguzwe, na wanawake waliohusika wakashuhudia kwamba hawakumjua kwa ubaya wowote. Ndipo alipojisifu.

Bagamoyo inaujua mpango huo wa ushahidi kutangulia sifa. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliletwa mjini akiwa mtoto mtumwa kutoka Umanyema. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa mwanachuoni na kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria. Hakuwa na ukoo wa kumbeba. Alikuwa na walimu. Katika mapokeo hayo mwalimu humpa mwanafunzi ijaza, yaani idhini yenye jina la aliyefundisha, na la aliyemfundisha yeye, hadi juu, na kila jina limewekwa rehani. Cheti cha chuo hubeba jina la taasisi, na taasisi haioni haya. Kuna atakayesema kwamba majina ya watu ndiyo yaliyotuletea kujuana, na kwamba cheti ndiyo kinga pekee ya mtoto wa mvuvi mbele ya mtoto wa mkubwa. Hoja hiyo ni nzito, nami sitaki cheti kifutwe. Lakini anayembeba ndugu yake hapotezi kitu ndugu akiharibu kazi, ilhali mwalimu aliyetoa ijaza kwa mjinga hufedheheka yeye. Na mmoja wa walionufaika na ushahidi wa namna hiyo hapa mjini aliletwa akiwa mtumwa.

Wengine watasema kompyuta haihitaji tabia: programu inafanya kazi au haifanyi. Ni kweli, na humfanyia mwizi sawasawa na mwaminifu. Mhitimu wa leo hukabidhiwa alama za vidole, salio la pesa za simu, majibu ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka adhabu, lakini adhabu huja siri ikiwa imeshavuja. Taifa hili liliwahi kutwisha lawama mashine: baada ya mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha kushindwa, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, kana kwamba chuma ndicho kilichokosea.

Kwa hiyo, katika yale mambo matatu, mimi huanza kusoma la mwisho, lile ambalo waombaji hulijaza kwa kusoma, kusafiri na kutazama mpira. Shahada ilitahiniwa, kazi ililipwa. Anachokipenda mtu hakuna aliyemlipa wala kumsimamia. Nabii Musa aliwanyweshea mifugo mabinti wawili wa Madyan, akaenda zake kivulini bila kudai ujira, na kwa kuliona hilo binti mmoja alimwambia baba yake amwajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Anayewafundisha watoto wa mtaa kompyuta jioni bila malipo ana shahidi wa aina hiyo, hata kama fomu haina nafasi ya kumwandika. Mapendeleo yanaweza kudanganywa, bila shaka. Ndiyo maana fomu huomba wadhamini. Basi mhadhiri anayeombwa udhamini na kijana asiyemfahamu zaidi ya alama zake, na akatae kutia sahihi.