Kujenga si Kuzua

Mkonstraktivisti ni jina linalovaliwa na watu wasiojuana. Huko Moscow, mwaka 1921, lilichukuliwa na kundi la wasanii, Aleksandr Rodchenko na Varvara Stepanova wakiwamo, walioupa uundaji wa vitu vya kutumika heshima kuliko picha za kutundikwa. Walimu humwita hivyo yeyote anayeamini kuwa mtoto hujiundia maarifa yake, hamiminiwi kama maji mtungini. Katika hisabati maana ni kali zaidi: anayedai kuwa kitu kipo sharti aonyeshe njia ya kukipata. Mholanzi L.E.J. Brouwer hakuridhika na hoja ya kwamba kutokuwapo kwake ni muhali.

Shina lao ni moja: kweli huundwa, haiokotwi. Ugomvi wenyewe hasa uko katika maadili. John Rawls, katika mihadhara yake ya mwaka 1980, alieleza kuwa kanuni za haki ni zile ambazo watu huru na sawa wangekubaliana katika hali ya insafu, kila mmoja asijue kama atakuwa tajiri au fukara. Wakosoaji huuliza: ikiwa haki ya mnyonge imejengwa na watu, nini kinawazuia watu hao kuibomoa?

Swali ni zito, walakini linachanganya kujenga na kuzua. Washairi wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Tarbia haikuokotwa ufuoni; vina na mizani ni kaida za watu. Hata hivyo, mshororo wa mizani kumi na sita ukipungukiwa na mmoja, sikio la mjuzi hulijua pengo, na mtungaji hawezi kutangaza kuwa halipo, ajapokuwa sultani.

Ulinganisho huu unachechemea mahali pamoja, napo ndipo penye uzito. Mtunzi aweza kuiacha mizani akatunga mashairi huru, na baada ya ubishi mrefu asiwe amemdhuru mtu. Aiachaye insafu humwacha mtu nje. Kwa hiyo mkonstraktivisti wa maadili hatosheki na kusema kuwa kanuni imekubaliwa. Hana budi kuuliza ni nani ambaye hakuitwa penye makubaliano. Unguja, kabla ya amri ya mwaka 1897 kuifuta hadhi ya utumwa katika sheria, biashara ya watu ilikuwa na kaida zake, zikijulikana na muuzaji na mnunuzi, nao wakiziheshimu. Aliyeuzwa hakuulizwa.