Taasisi ya Kupambana na Rushwa Haiwezi Kukataa kwa Niaba Yetu



Tumetoka Kivu, Burundi, Tanzania na Kenya, na kila mmoja amekuja na jina lake la rushwa: chai, kitu kidogo, fanta. Na nchi nyingi zina chombo cha kuipiga vita. Tanzania ina TAKUKURU, Kenya ina EACC, na hapa Afrika Kusini kuna kitengo cha uchunguzi kinachojulikana kama SIU. Ndiyo maana miongoni mwetu husikika maneno mawili. Wengine husema, "Hiyo ni kazi ya serikali, mimi nilipe nipate karatasi yangu." Wengine husema, "Wakubwa hawakamatwi, kwa nini mimi ndiye nikatae?" Tuyapime.

Kwanza, nguvu za chombo hicho zina mipaka. SIU iko chini ya sheria ya 1996. Haianzi uchunguzi mpaka Rais atoe idhini. Haishtaki mtu: hukusanya ushahidi, hudai fedha zilizoibwa zirudi, na makosa ya jinai huyakabidhi kwa waendesha mashtaka. Februari 2024 ilipewa idhini ya kuchunguza utoaji wa viza na vibali vya ukaazi huko Home Affairs. Hilo linatugusa.

Pili, chombo kinaweza kuvunjwa. Scorpions, kikosi kilichowafuatilia vigogo, kilifutwa kwa uamuzi wa Bunge wa 2008. Raia mmoja, Hugh Glenister, alikwenda mahakamani. Machi 2011 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali inawajibika kuwa na chombo huru dhidi ya rushwa. Scorpions hawakurudi, lakini sheria ilibidi irekebishwe.

Tatu, chombo huona kwa macho ya watu. Babita Deokaran, ofisa wa fedha katika idara ya afya ya Gauteng, alitilia shaka malipo ya hospitali ya Tembisa, tena alikuwa shahidi wa SIU. Tarehe 23 Agosti 2021 alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Mwaka 2025 SIU ilieleza kwamba zaidi ya randi bilioni 2 zilichotwa katika hospitali hiyo. Sisi tunaohudumia wagonjwa tunajua fedha hizo ni nini wodini: ni dawa, ni kitanda, ni muuguzi wa zamu ya usiku.

Kwa hiyo hatuwezi kumwambia ndugu yetu kwa wepesi, "Nenda karipoti." Sheria ya 2000 inayolinda watoa taarifa humlinda mfanyakazi. Mama aliye kwenye foleni na karatasi ya ukimbizi iliyokwisha muda haimfikii.

Tena wanaolipa si sawa wote. Yupo anayenunua kisicho chake: nafasi ya mwenzake, kibali cha uongo. Yupo anayekamuliwa ili apewe haki yake mwenyewe. Sheria ya 2004 humhesabia kosa mtoaji kama mpokeaji. Lakini katika Luka 3, Yohana aliwaelekezea onyo watoza ushuru na askari, wale wenye mamlaka mkononi. Anayekamuliwa ameibiwa, na tusimhukumu kama mwizi. Hata hivyo tumwambie ukweli kwa upendo: kila anayelipa humpandishia bei anayefuata nyuma yake.

Basi kukataa kusiwe mzigo wa mtu mmoja. Anayekwenda kushughulikia karatasi asiende peke yake. Wawili ni vigumu kutishwa. Aandike tarehe, saa, dirisha na maneno aliyoambiwa. Aombe risiti. Akirudishwa bila kitu na siku ya kazi imepotea, kanisa lichangie nauli ya kurudi tena. Taarifa ikipelekwa SIU, inaweza kupelekwa bila kutaja jina.

Na lipo gumu zaidi. Dalali anayesema "namjua mtu wa ndani" mara nyingi huongea lugha yetu, pengine huimba nasi. Huyo hakuna tume itakayomwona kabla yetu. Tusimpe kiti cha mbele kwa sababu ya sadaka yake. Tukae naye, tumweleze anachowafanyia watoto wa wenzake, naye ajue mlango wa kutubu uko wazi.

Bwana atupe ujasiri, na atupe kushikana mikono.