Mkuu wa Shule Atoke Wapi?



Vijana wenzangu, leo nawaletea swali ambalo wengi wetu tutakutana nalo tukishaingia kazini: anayeongoza elimu ni lazima awe ametoka darasani? Kwangu si swali la kupitishia muda. Nimesomea uhasibu, nafanya kazi ya hesabu hotelini huku Kizimkazi, na sasa nimeulizwa kama nitakubali kuwa meneja wa shule moja ya watoto wadogo. Ada nazielewa, mishahara naielewa. Kumfundisha mtoto wa miaka sita hadi asome, hilo sijawahi.

Tuanze na wanaosema ni lazima. Wana hoja nzito, na nchi yetu inawapa mifano. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alifundisha Mtakatifu Maria, Tabora, na baadaye Mtakatifu Fransisko, Pugu, hadi alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alikuwa Rais, lakini hadi leo tunamwita Mwalimu. Hapa Unguja yupo marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu, akaongoza shule ya Mangapwani, akawa mkuu wa chuo cha ualimu, na mwaka 1964 akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu Zanzibar. Alipanda ngazi moja moja, na ngazi ya kwanza ilikuwa darasa.

Huku kwetu hoja hiyo wanaielewa haraka. Nahodha anayepeleka wageni kuwaona pomboo kwa kawaida alianza kijana mdogo, akitoa maji chomboni na kuvuta nanga. Hakuna anayempa chombo mtu kwa sababu tu anajua bei ya mafuta. Na wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Meneja anaona dawati moja liko wazi, anapokea mtoto mwingine. Mwalimu anaona daftari jingine la kusahihisha usiku, na mtoto wa nyuma ambaye sasa hatafikiwa kabisa.

Lakini jamani, tusikilize na upande wa pili. Mwalimu hodari anaweza kuwa mkuu wa shule asiyejua kupanga bajeti wala kusuluhisha ugomvi wa watu wazima. Ndiyo maana pale Bagamoyo kuna ADEM, wakala wa serikali unaowafundisha uongozi walimu wakuu na wakaguzi. Na kutoka darasani hakumkingi mtu na matatizo. Azimio la Musoma la mwaka 1974, chini ya Mwalimu mwenyewe, lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Nia ilikuwa njema na watoto wengi waliingia shule, ila walimu waliandaliwa harakaharaka na ubora ukalalamikiwa.

Hata wizarani wamepita watu wa asili tofauti. Profesa Joyce Ndalichako alikuwa mtaalamu wa upimaji na Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani kabla ya kuwa Waziri wa Elimu mwaka 2015. Aliyempokea mwaka 2022, Profesa Adolf Mkenda, ni mchumi. Mitihani bila mpimaji haiendi, na shule bila fedha haziendi.

Basi tushike lipi? Mimi nadhani swali la “ametoka wapi” tunaliuliza vibaya. Kumbukeni Nazareti, Marko sura ya 6. Watu walimkataa Bwana wetu wakiuliza kama si yule seremala tu. Waliangalia kazi yake ya zamani wakadhani wameshamjua. Hapo tunaonywa tusimdharau mtu kwa fani yake. Ila tusisahau na Luka sura ya 2: akiwa na miaka kumi na miwili aliketi hekaluni katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Yeye mwenye hekima yote hakuona haya kuketi.

Na Kanisa lina mtakatifu wa jambo hili hasa. Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, familia ya kitajiri. Alikuwa padre na kanoni wa kanisa kuu. Ualimu wa watoto maskini haukuwa fani yake, na walimu wa wakati ule aliwaona watu wa chini sana. Alianza kuwasaidia kidogo tu, kwa mbali. Kisha mwaka 1681 akawachukua wakaishi naye, wakala meza moja. Mwaka 1683 akaacha ukanoni na cheo chake, na njaa ilipoingia akagawa mali yake kwa wenye njaa. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa walimu wote. Mtu wa nje! Lakini hakubaki nje.

Hapo ndipo ninaposimama. Fani ya mtu inatuambia alianzia wapi. Haki ya kuongoza inatoka kwenye kukubali kukaa na wale ambao uamuzi wako utawaangukia. Aliyetoka darasani akajifungia ofisini miaka kumi bila kusikia watoto wakisoma, naye amekuwa mgeni. Aliyetoka benki akakaa benchi la nyuma akajifunza, ameanza kuwa mwenyeji.

Kwa hiyo jibu langu kwa shule ile lina sharti. Kabla ya kusaini chochote nimeomba muhula mmoja wa kukaa darasani asubuhi, chini ya mwalimu wa darasa la kwanza, nikichonga penseli na kusikiliza. Na maamuzi ya ufundishaji yabaki kwa mwalimu mkuu, mimi nibaki na hesabu. Wakikataa sharti hilo, nitakataa kazi, ingawa mshahara wake ni mkubwa kuliko wangu wa sasa. Na wewe unayeombea cheo wiki hii, jiulize: nani atabeba uamuzi wangu, na nimeshakaa naye?

Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, utuombee.